Google Photos, Flickr, Photopea na Canva: ipi ya bure ikufae kwa picha zako?

Mtu akiuliza zana nzuri ya bure ya picha mtandaoni, mara nyingi anauliza maswali matatu kwa mpigo. Anataka pa kurekebishia picha iliyotoka na giza, pa kuzipanga zile maelfu zilizojaa kwenye simu, na njia ya kuwapa wengine bila kutuma moja moja. Akisoma orodha za mapendekezo, anakuta majina yanayotajwa pamoja kana kwamba yanashindania kazi ileile, wakati moja ni ghala, jingine ni ukumbi wa maonyesho, na jingine ni karakana.

Hapa naziweka nne upande kwa upande: Google Photos, Flickr, Photopea na Canva. Zote zina toleo la bure linalotumika kweli, si la kuonja tu kwa wiki moja.

## Vigezo

Cha kwanza, na ndicho ninachokipa uzito mkubwa, ni mahali kikomo kinapoangukia. Kila huduma ya bure ina sehemu inapokwambia basi. Google Photos hupima ukubwa wa faili. Flickr huhesabu idadi ya picha. Canva hufungia baadhi ya vifaa. Photopea hukuachia karibu kila kitu na kukuwekea matangazo pembeni. Tofauti hiyo ina maana kuliko wingi wa vichujio au uzuri wa skrini, maana mtu asiyefika kwenye kikomo anatumia bure miaka mingi, na anayekigonga kila wiki ataishia kulipa au kuhama.

Cha pili ni ubora wa asili. Picha ya JPEG hupoteza kitu kidogo kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya, na baadhi ya huduma huipunguza zaidi ili isichukue nafasi. Kwa picha ya kutazama kwenye simu hutaona tofauti. Kwa picha ya kuchapisha ukubwa wa ukuta utaiona.

Cha tatu ni nani anaweza kuiona. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalikumbuki: picha nyingi za simu hubeba ndani yake tarehe, aina ya kamera na, kama mahali pamewashwa kwenye mipangilio, latitudo na longitudo ya pale ilipopigwa. Ukiisambaza faili ya asili, huenda umesambaza na ramani ya nyumbani kwako.

Cha nne ni njia ya kutoka, na hapa historia inafundisha. Picnik, iliyokuwa zana maarufu ya kuhariri kwenye kivinjari, ilinunuliwa na Google mwaka 2010 na kufungwa mwaka 2012. Picasa nayo, iliyopendwa na watu waliopanga picha kwenye kompyuta zao, iliachwa mwaka 2016. Mwaka 2017 Photobucket, tovuti ya kuhifadhi picha, ilibadili masharti na kudai dola 399 kwa mwaka kwa anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine. Kurasa nyingi za zamani zikabaki na visanduku vitupu palipokuwa na picha. Flickr iliwahi kugawa terabaiti nzima bure mwaka 2013, kisha miaka mitano baadaye ikarudi kwenye kuhesabu picha. Hakuna aliyevunja sheria katika haya. Ila aliyeziweka picha zake mahali pamoja tu, bila nakala, ndiye aliyehangaika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kuingia ni rahisi kiasi gani, uliza utatokaje, na utatoka na nini mkononi.

Cha tano ni kifaa na data ulizo nazo. Zana nyingine zinataka kompyuta. Nyingine zinameza data kimyakimya usiku kucha zikipakia video.

## Google Photos

Kuhariri. Kukata kingo, kunyoosha picha iliyoinama, kuongeza mwanga, kurekebisha rangi na kuweka vichujio, yote yapo. Mwaka 2024 Google ilifungulia watumiaji wa kawaida baadhi ya zana za akili unde zilizokuwa za wanaolipia au wenye simu za Pixel, ikiwemo ile ya kufuta mtu au kitu kisichotakiwa nyuma ya picha. Zana hizo hukaa zaidi kwenye programu ya simu; kwenye kivinjari utakuta mhariri mwepesi zaidi. Uzuri ni kwamba picha ya asili haipotei: unaweza kuirudisha ilivyokuwa. Hakuna matabaka (safu za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) wala kazi ya kina, na nadhani haikukusudiwa hivyo.

Kupanga. Hapa ndipo inapozipita zote tatu zilizobaki. Andika neno kama “ufuo”, “mbwa” au mwaka fulani, nayo itakuletea picha ambazo hukuwahi kuziwekea lebo. Hukusanya sura zinazofanana pamoja, ingawa huduma hiyo ya sura haipo katika nchi zote. Picha moja inaweza kukaa kwenye albamu kadhaa bila kuchukua nafasi mara mbili.

Kuna mtego mmoja hapa unaoumiza watu. Kama nakala rudufu imewashwa na ukafuta picha ndani ya programu, inafutika pote, kwenye simu na kwenye akaunti. Anayetaka kupunguza mzigo wa simu tu atumie amri ya kuachia nafasi, inayoondoa nakala ya kwenye simu na kubakiza ya mtandaoni. Ukikosea, kapu la taka hushikilia picha zenye nakala kwa siku 60, na zisizo na nakala kwa siku 30.

Kushirikisha. Albamu hutoka kama kiungo, na anayekipokea hahitaji akaunti ili kutazama. Anayetaka kuongeza picha zake ndiye anayehitaji akaunti. Kumbuka kwamba kiungo hakimtambui mtu: yeyote atakayetumiwa na rafiki wa rafiki yako atafungua. Kwenye mipangilio ya albamu kuna swichi ya kuficha mahali picha zilipopigwa. Iangalie kabla ya kutuma.

Kikomo. Gigabaiti 15, na si za picha peke yake. Zinagawanywa na barua pepe za Gmail na faili za Drive. Zamani picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 kila kinachopakiwa kinahesabiwa. Tukichukua picha moja kuwa megabaiti 4, akaunti tupu ingebeba takriban picha 3,700 kabla ya kujaa. Video hula nafasi haraka zaidi. Ukichagua kuokoa nafasi, picha inayozidi megapikseli 16 hupunguzwa ifike hapo, kiasi kinachotosha kwa matumizi mengi. Kinachowashtua watu ni kwamba nafasi ikijaa, hata barua pepe huacha kuingia.

Kutoka. Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data yako, hukupa kila kitu katika faili zilizofungwa. Maelezo mengine huja katika faili za pembeni za JSON, yaani za maandishi, kwa hiyo ukizihamishia kwingine, huenda ukalazimika kutumia programu ya kuyaunganisha upya na picha. Pia akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, jambo la kukumbuka kwa mwenye akaunti ya akiba aliyoisahau.

Inamfaa mwenye picha nyingi za simu, asiye na subira ya kuweka lebo, anayetaka kuipata picha ya miaka mitatu iliyopita ndani ya sekunde chache. Haimfai anayejali sana kwamba mwenye huduma anaweza kuzichambua picha zake, kwa sababu utambuzi huo wa sura na vitu ndiyo huduma yenyewe.

## Flickr

Kuhariri. Karibu hakuna. Njoo na picha iliyokwisha kutengenezwa.

Kupanga. Kwa mkono, na kwa utaratibu. Unaweka lebo, unaandika maelezo, unaunda albamu, na kuna ukurasa wake unaoitwa Organizr wa kushughulikia picha nyingi kwa pamoja. Taarifa za kamera, kama kasi ya shata na uwazi wa lenzi, huonekana chini ya picha, jambo linalowasaidia wanaojifunza upigaji picha: unaona picha iliyokuvutia ilipigwaje. Mtu mvivu wa kuandika lebo hatapata faida yake.

Kushirikisha. Flickr ilizaliwa mwaka 2004 kwa ajili ya hili, na bado inajua kazi yake. Kila picha unaipangia wa kuiona: wewe tu, familia, marafiki au dunia nzima. Kuna vikundi vya kila mada, kuanzia ndege hadi milango ya zamani, ambako picha hupata watazamaji wanaojua wanachokitazama. Zaidi ya hapo, unaweza kuambatisha leseni ya Creative Commons, ruhusa ya wazi iliyoandikwa tayari, na kuwaruhusu wengine waitumie picha kwa masharti uliyoyachagua. Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuweka picha zake za kihistoria humo mwaka 2008, na taasisi nyingine zikafuata. Kwa anayetaka kazi yake ionekane, itafutwe na itumike kihalali, sijaona hapa mpinzani wake.

Kikomo. Picha na video 1,000 kwa jumla, na kati ya hizo zisizo za hadharani zisizidi 50. Sharti hilo la 50 liliongezwa mwaka 2022, na linasema wazi huduma ya bure inamtaka nani: mtu wa kuonyesha, si mtu wa kuficha. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni idadi, mpiga picha mwenye faili za megabaiti 20 kila moja anapata nafasi kubwa kuliko ile ya Google. Anayepiga picha 40 za chakula kila Jumapili atagonga ukuta mapema. Matangazo yapo.

Kutoka. Unaomba data yako kwenye mipangilio ya akaunti, na baadaye unapewa faili za kupakua. Ni polepole.

Inamfaa anayechuja. Mtu anayepiga 200 na kubakiza tano za kuonyesha atakaa Flickr miaka bila kulipa.

## Photopea

Kuhariri. Hii ndiyo karakana. Imetengenezwa na mtaalamu mmoja wa programu, Ivan Kutskir, na iko hewani tangu 2013. Ukiwahi kutumia Photoshop, programu maarufu ya kuhariri picha, hutahitaji kuelekezwa: kuna matabaka, vinyago, mikondo ya rangi, brashi ya kuziba madoa, maandishi, na karibu kila menyu iko pale unapoitarajia. Hufungua faili za PSD (aina ya faili ya Photoshop), za GIMP (programu nyingine ya kuhariri), picha ghafi za kamera, hata PDF. Na kazi yote hufanyika ndani ya kivinjari chako. Faili haipakiwi kwenye seva ya mtu. Kwa picha ya kitambulisho au cheti unachotaka kukata kingo tu, hilo ni jambo kubwa.

Upande wa pili, haina huruma kwa mgeni. Anayetaka kubonyeza kitufe kimoja picha ing’ae atajikuta mbele ya menyu ndefu asijue pa kuanzia. Kwenye skrini ndogo ya simu inafunguka, ila vidole vitalalamika.

Kupanga. Si kazi yake.

Kushirikisha. Unaihifadhi picha kama JPG, PNG au WebP, kisha unaitafutia njia nyingine ya kuifikisha. 

Kikomo. Matangazo pembeni mwa skrini, na nguvu ya kompyuta yako mwenyewe. Faili yenye matabaka mengi kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo itakwama. Jingine ni la tabia zaidi: kwa kuwa faili iko kwenye kivinjari, kufunga ukurasa kabla ya kuhifadhi ni kuipoteza kazi. Hifadhi PSD mapema na mara kwa mara.

Kutoka. Hakuna mlango wa kutokea kwa sababu hukuingia. Faili ni zako, ziko kwenye diski yako, na PSD hufunguliwa na programu nyingine nyingi.

Inamfaa mwenye kompyuta, mwenye kazi ya kina, aliye tayari kujifunza. Pia aliyetumiwa faili ya PSD na hana Photoshop.

## Canva

Kuhariri. Canva, iliyoanzishwa Australia na kufunguliwa kwa umma mwaka 2013, huitazama picha kama sehemu ya kitu kingine: bango, kadi ya mwaliko, jalada la video. Unachagua kiolezo, unaweka picha, unaandika juu yake. Mwangaza, rangi na kukata kingo vipo. Kufuta mandharinyuma ya picha kwa kubonyeza mara moja, ambako ndiko wengi hukukimbilia, ni kwa wanaolipa. 

Kupanga. Foleda za kawaida. Inatosha kupanga kazi ulizobuni; kupanga maisha yako yote ya picha humo ni kujitesa.

Kushirikisha. Nzuri kwa watu wanaofanya kazi pamoja. Unatoa kiungo cha kutazama, kutoa maoni au kuhariri, na wawili mnaweza kugusa bango moja kwa wakati mmoja.

Kikomo. Gigabaiti 5 za hifadhi, na vifaa vya kulipia vimechanganywa na vya bure kwenye orodha moja. Utachagua mchoro mzuri, upange kila kitu, halafu ukute una alama ya maji, yaani chapa iliyopita juu yake. Tazama alama ya taji, inayoonyesha kitu cha kulipia, kabla ya kupenda. PNG isiyo na mandharinyuma na kubadili ukubwa wa kazi iliyokwisha kutengenezwa navyo viko upande wa kulipia. Walimu wa shule za msingi na sekondari pamoja na mashirika yasiyo ya faida wanaweza kuomba matoleo yao maalumu bila malipo, na wengi hawajui.

Kutoka. Unatoka na picha bapa, PDF au slaidi. Muundo wenyewe, ule unaoweza kuendelea kuuhariri kwa urahisi, unabaki huko. Kwa bango la tukio la wiki ijayo haina shida. Kwa nembo utakayoitumia miaka kumi, fikiria mara mbili.

Inamfaa asiye mbunifu anayehitaji kitu kinachopendeza leo jioni.

## Zilizobaki nje ya meza

iCloud na OneDrive hutoa gigabaiti 5 kila moja, Dropbox 2. Ni hifadhi za faili zinazojua kuonyesha picha, na kwa mtu ambaye tayari anaishi ndani ya vifaa vya Apple au Windows zinarahisisha mambo. Kwa ukusanyaji mkubwa wa picha, nafasi hiyo ni finyu. Pixlr iko kati ya Canva na Photopea: rahisi kuliko ya pili, ina nguvu kuliko ya kwanza kwa kurekebisha picha, ila toleo la bure linabana idadi ya kazi unazohifadhi kwa siku. Ente inastahili kutajwa kwa sababu husimba picha kabla hazijaondoka kwenye kifaa chako, hivyo mwenye huduma hawezi kuzitazama.

## Kwa hali yako

Simu inakwambia imejaa na unataka kupumua: Google Photos, kwa kiwango cha kuokoa nafasi, na upakiaji uwe kwa Wi-Fi tu. Anza kwa kufuta video ndefu na picha za skrini. Hapo ndipo nafasi nyingi hupotelea.

Una harusi au safari ya kikundi na kila mtu ana picha zake: albamu ya pamoja ya Google Photos. Kama baadhi hawataki akaunti, mmoja akusanye na kupakia kwa niaba yao. Ukitumia programu ya ujumbe kukusanya, waambie wazitume kama hati, maana picha za kawaida hupunguzwa zikiwa njiani.

Unajifunza upigaji picha na unataka macho ya watu wenye ujuzi: hariri kwenye Photopea, onyesha Flickr, na uhifadhi faili ghafi kwenye diski yako. Huduma mbili za bure zinazogawana kazi namna hii huwa hazigongi kikomo mapema.

Unarejesha picha ya zamani ya familia iliyochanika: Photopea, kwenye kompyuta, bila haraka. Skani kwa ubora wa juu, acha tabaka la chini bila kuguswa, ziba michaniko kwenye tabaka jipya.

Unaendesha ukurasa wa kikundi au biashara ndogo na kila wiki unahitaji bango: Canva. Picha za asili ziweke kwingine.

Picha zenyewe ni nyeti, za watoto, za nyaraka au za watu ambao hawakukubali kusambazwa: zihariri Photopea, zitunze kwenye Ente au kwenye diski yenye nenosiri, na kabla ya kumtumia yeyote fungua taarifa za picha uondoe mahali ilipopigwa. Simu nyingi zina chaguo hilo kwenye dirisha la kutuma lenyewe, na picha ya skrini ya picha hiyo haibebi taarifa za mahali ilipopigwa ya asili, ingawa ubora utashuka.